Kabla ya kununua mashine, tuijue reli yetu

Lugha ina tabia ya kutunza kumbukumbu za vitu hata baada ya vitu vyenyewe kubadilika. Tazama neno 'garimoshi'. Waliolibuni walikuwa wakikitazama chombo kilichochemsha maji kwa moto, kikafua mvuke na kutapika wingu la moshi lililoonekana kabla chombo chenyewe hakijafika. Leo mabehewa yetu yanavutwa na mashine za dizeli. Lile tanuri limezimika na lile pipa kubwa la maji limeondoka, lakini jina limekataa kustaafu.

Nilikuwa nikiwaeleza wanafunzi wangu jambo hili katika Makumbusho ya Reli jijini Nairobi, tukiwa tumesimama kando ya jitu la chuma liitwalo Mount Gelai. Hilo ni mojawapo ya magarimoshi 34 ya mvuke ya aina ya Garratt, daraja la 59, yaliyoundwa na kampuni ya Beyer Peacock mjini Manchester kati ya mwaka 1955 na 1956 kwa ajili ya reli ya Afrika Mashariki. Ndipo msichana mmoja, aliyekuwa kimya tangu asubuhi, aliponiuliza swali ambalo halikuwa la isimu hata kidogo.

"Mwalimu," akasema, "ikiwa hili lilikuwa na uzani wa tani 250 na ushei, na lile la dizeli lililokuja kuchukua nafasi yake halikufika hata nusu ya uzani huo, je, hatukupunjwa?"

Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu sikuwa na jibu, na nilikiri hivyo mbele yao. Kuuliza si ujinga, wala mwalimu kukiri kwamba hajui si aibu. Tangu siku hiyo nimesoma na kuwahoji watu wa reli kadiri nilivyoweza, na leo naomba wasomaji wa ukurasa huu, hususan walimu na wanafunzi, waniruhusu nitoke kidogo katika sarufi nilijibu swali lile. Nimegundua kwamba linahusu mengi kuliko magarimoshi.

Hesabu ya ekseli

Kwanza tukubaliane kuhusu maneno. Chombo kizima kinachovuta mabehewa nitakiita kichwa cha garimoshi, kama wanavyokiita wasafiri wengi. Injini ni ile mashine ya dizeli iliyomo ndani yake. Katika vichwa vingi vya aina hii injini haizungushi magurudumu moja kwa moja. Huzungusha jenereta, jenereta huzalisha umeme, na umeme huo hupelekwa kwenye mota zilizofungwa chini, kwenye ekseli. Ekseli ni ule mhimili wa chuma unaounganisha gurudumu la kushoto na la kulia.

Sasa, reli haiulizi kichwa kina uzani gani kwa jumla. Reli huuliza swali jingine kabisa: kila ekseli inanikandamiza kwa tani ngapi? Kichwa cha tani 96 kikiwa na ekseli sita, kila ekseli hubeba tani 16. Kichwa hicho hicho kikiwekwa juu ya ekseli nane, kila moja hubeba tani 12. Mzigo ni ule ule, lakini reli ambayo ingepinda chini ya kichwa cha kwanza huweza kukistahimili cha pili. Ni mfano wa wapagazi: gogo linalomlemea mtu mmoja huwa jepesi likiingia mabegani mwa wanne.

Hesabu hii ndiyo iliyotawala biashara yote ya kuunda vichwa vya dizeli kwa ajili ya kuuzwa ng'ambo. Huko Marekani, reli ni nene na matuta yake ni imara. Kichwa mashuhuri cha SD40-2, kilichoanza kuundwa mwaka 1972 na kampuni ya General Motors, kilikuwa na uzani wa takriban tani 167 juu ya ekseli sita, yaani karibu tani 28 kwa kila ekseli. Nguvu yake ilikuwa ya farasi 3,000. Kwa upande mwingine, kampuni ya General Electric iliwauzia watu wa New Zealand, kuanzia mwaka huo huo, vichwa 49 vya aina ya U26C. Hivi vilikuwa na nguvu ya farasi 2,750, lakini uzani wake ulikuwa tani 97 na nusu tu, kila ekseli ikibeba tani 16 na kitu.

Hebu tutafakari tofauti hii. Nguvu zimekaribiana mno, ilhali uzani umepungua kwa tani 70 hivi. Tani hizo zimekwenda wapi? Zimepunguzwa hapa na pale: katika fremu inayobeba mitambo, katika ukubwa wa tangi la mafuta, katika upana na kimo cha mwili wenyewe. Aidha, waundaji wa Marekani mara nyingi huongeza uzito kwa makusudi katika vichwa vya kutumika kwao. Msomaji atauliza: kwa nini mtu aongeze uzito asioutaka?

Wepesi una gharama yake

Jibu ni msuguano, somo ambalo kila mwanafunzi wa kidato hulipitia na wengi hulisahau mara tu baada ya mtihani. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma hushika kwa sababu linakandamizwa. Likipungukiwa na uzito, hata ukilipa nguvu za farasi elfu kumi, litazunguka papo hapo likitoa cheche huku mabehewa yakibaki palepale. Kwa sababu hiyo kila kichwa hubeba mchanga mkavu ndani ya masanduku, na dereva akiona magurudumu yanateleza mlimani au penye umande, huunyunyiza mbele ya magurudumu ili yashike.

Basi mwundaji wa kichwa cha kuuzwa ng'ambo yuko katikati ya amri mbili zinazopingana. Reli ya mteja inamwambia, "Punguza uzito usije ukanivunja." Mlima wa mteja unamwambia, "Ongeza uzito la sivyo hutapanda." Isitoshe, njia zetu za upana wa milimita 1,000 huacha nafasi ndogo baina ya magurudumu, na ni katika nafasi hiyo hiyo ndogo ambamo mota ya umeme lazima ienee. Reli ya milimita 1,435 humpa mhandisi uhuru ambao reli nyembamba humnyima.

Njia za kujinasua zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kuongeza ekseli zisizovuta, za kubeba tu. Vichwa vya G12 vya General Motors, vilivyotolewa kuanzia mwaka 1953 kwa ajili ya nchi za nje, vilipata mteja mkubwa huko New Zealand. Huko viliitwa DA, na kati ya mwaka 1955 na miaka ya sitini vilinunuliwa 146. Vilikuwa na ekseli sita katika mafungu mawili, lakini ekseli ya kati katika kila fungu haikuwa na mota. Kazi yake ilikuwa kusaidia kubeba. Reli ilipona, lakini sehemu ya uzito ilikwenda kwa ekseli isiyovuta chochote.

Njia ya pili ni kuhakikisha kwamba kila ekseli inavuta. Vichwa vya DA vilikuwa vikubwa mno kwa mahandaki ya kisiwa cha kusini cha nchi hiyo, kwa hivyo mwaka 1968 ilianza kupokea vichwa vya DJ kutoka kampuni ya Mitsubishi ya Japani. Hivi vilikuwa na ekseli sita zilizogawanywa katika mafungu matatu ya ekseli mbilimbili, zote zikiwa na mota, na kila moja ikibeba tani zisizofika 11. Nchi ni moja, shirika la reli ni moja, lakini visiwa viwili vilihitaji mashine mbili tofauti. Anayejua nchi yake hashangazwi na jambo hilo. Wageni ndio hushangaa.

Mteja aliyejifunza

Mfano ulionifurahisha zaidi unatoka Ireland. Katikati ya miaka ya hamsini shirika la reli la nchi hiyo lilinunua vichwa 60 vya dizeli kutoka kampuni ya Metropolitan-Vickers ya Uingereza. Vichwa vilikuwa na umbo zuri, lakini injini zake, zilizoundwa na kampuni ya Crossley, ziliwatesa mafundi kwa kuharibika mara kwa mara. Waayalandi wakavuka bahari. Mwaka 1961 walianza kutumia vichwa 15 vya aina ya GL8 kutoka kiwanda cha General Motors cha La Grange, karibu na Chicago. Vilikuwa vidogo na vyepesi, vya tani 64 juu ya ekseli nne, na nguvu yake haikufika farasi 1,000. Lakini viliwaka kila asubuhi, na hilo ndilo lililotakiwa.

Hata hivyo, mashine hizo zilikuja na desturi za kwao. Zilikuwa na chumba kimoja tu cha dereva, upande mmoja, na pua ndefu upande wa pili. Ireland haikutaka madereva wake waendeshe pua ikiwa imewatangulia na kuwaziba macho, kwa hivyo kila kichwa kilipofika mwisho wa safari kilibidi kigeuzwe juu ya jukwaa la kuzungusha, kama ilivyofanywa zama za mvuke. Mashine mpya ikawa inarudisha kazi ya kale.

Waayalandi walifanya nini? Hawakuzitupa, wala hawakunyamaza. Walipoagiza vichwa vingine 37 vya uzani unaokaribiana na huo, vilivyofika mwaka 1962, walitaka viwe na chumba cha dereva kila upande, na La Grange ikawaundia. Kisha kati ya miaka ya sitini na ya sabini wakazitoa zile injini za Crossley kutoka katika vichwa 60 vya kwanza na kuweka za General Motors katika miili ile ile. Navyo vile vidogo 15 vilitunzwa vyema hata vya mwisho vikastaafu mwaka 2008, baada ya miaka 47 ya kazi.

Ireland haikuwa nchi tajiri wakati huo, wala haikuwa na kiwanda cha kushindana na Chicago. Kitu ilichokuwa nacho ni watu waliojua kusema, kwa vipimo na kwa sababu, "Hiki kinatufaa, hiki hakitufai." Muuzaji huwaheshimu watu wa namna hiyo, kwa kuwa hana la kuwadanganya.

Reli yetu

Sasa turudi nyumbani, nilijibu swali la msichana yule. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani Kisumu mwaka 1901 ilijengwa kwa upana wa mita moja, upana uliokuwa umezoeleka India, na vyuma vyake vya kwanza vilikuwa vyembamba. Baadaye njia kuu iliimarishwa, lakini matawi mengi yakabaki mepesi. Kwa hivyo hata zama za mvuke, wahandisi walikuwa wakipiga hesabu ile ile. Mount Gelai na wenzake walikuwa na ekseli 14, nane zikivuta na sita zikisaidia kubeba, na kila ekseli ya kuvuta ilibeba kama tani 21. Walifaa njia kuu peke yake, hasa baina ya Mombasa na Nairobi. Kwa matawi palikuwa na ndugu zao wembamba, Garratt za daraja la 60, ambazo ekseli zake zilibeba kama tani 11.

Vichwa vya kwanza vya dizeli vya njia kuu vilifika mwaka 1960 kutoka kampuni ya English Electric ya Uingereza. Vilikuwa na nguvu ya farasi 1,840 na ekseli nane, sita za kuvuta katikati na moja ya kubeba kila mwisho. Naam, ni ile njia ya kwanza niliyoieleza hapo juu. Baadaye, mwishoni mwa miaka ya sabini, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa imekwisha kuvunjika mwaka 1977, Kenya ilinunua vichwa vya U26C kutoka General Electric, na kuviita daraja la 93. Herufi U husimama kwa neno la Kiingereza lenye maana ya 'kwa wote', 26 ni nguvu za farasi kwa mamia, na C yaeleza kwamba kila fungu lina ekseli tatu zenye mota. Mashine 'ya wote' ilikubali kupunguzwa upana ili iingie katika njia yetu ya mita moja.

Tena ilikubali kupanda. Kutoka usawa wa bahari, njia yetu ya zamani hupanda hadi zaidi ya mita 2,700 karibu na Timboroa, mahali ambapo hewa ni haba na injini ya dizeli, kama mwanadamu, hutafuta pumzi. Hapo kifaa cha kuisukumia injini hewa ni sharti kiwepo na kifanye kazi.

Je, tulipunjwa? La. Tani nyingi za Garratt hazikuwa nguvu bali zilikuwa shehena ya mashine yenyewe: pipa la maji, maji yenyewe, tanuri na mafuta yake. Zaidi ya hayo, vichwa viwili vya dizeli vyaweza kuunganishwa kwa nyaya na kuendeshwa na dereva mmoja aliyeketi katika cha mbele, jambo ambalo mvuke haukuliweza kwa sababu kila chombo kilihitaji watu wake. Uzito unatandazwa juu ya ekseli nyingi katika masafa marefu ya reli na daraja, lakini nguvu zinajumlishwa. Haba na haba hujaza kibaba, na vyepesi viwili huweza kuvuta kilichokuwa kikivutwa na jitu moja.

Nani alipima?

Mwaka 2017 tulizindua reli nyingine kati ya Mombasa na Nairobi, yenye upana wa milimita 1,435, na mwaka 2019 ikafika Suswa. Safari hii mambo yaligeuka. Hapo zamani mwundaji wa kichwa alilazimika kuuliza reli yetu inastahimili tani ngapi, kisha akapunguza. Mara hii reli na vichwa vilitoka katika kipimo kimoja cha China, vimeandaliwa pamoja kama kufuli na ufunguo wake. Sisemi kwamba hilo ni kosa. Reli nzito hubeba shehena nzito, na nchi inayokua huihitaji. Lakini reli hiyo haikuifuta ile ya zamani. Shehena inayoendelea magharibi huhamishiwa njia ya mita moja huko Naivasha. Mwaka 2020 njia ya Nanyuki, iliyokuwa imelala miaka mingi, ilifufuliwa. Tuna reli mbili zenye tabia mbili, na kila moja itahitaji mashine zake kwa miongo ijayo.

Nani atazipima reli hizo na kumwambia muuzaji, awe wa Chicago au wa China, hiki kinatufaa na hiki hakitufai? Hapa ndipo swali linapoingia darasani. Asiyejua reli yake inastahimili nini atanunua sifa za mashine, na sifa hazivuti mabehewa. Mhandisi wa kesho ni mtoto ambaye leo yuko darasa la sita akikariri kugawanya bila kuambiwa kinachogawanywa.

Naomba radhi kurejea sasa katika fani yangu. Wazee wetu walipokutana na reli hawakuduwaa. Vile vipande vinavyolazwa chini ya vyuma waliviita mataruma, neno la mafundi wa vyombo vya baharini kwa miti ya kukaza chombo. Vile vyumba vinavyovutwa waliviita mabehewa, neno lililotaja ukumbi wa ndani ya nyumba. Na pale walipokopa, walilipima neno kwa kipimo cha kinywa chao: 'reli' ikapewa irabu mwishoni kwa kuwa silabi ya Kiswahili huipenda irabu. Neno la kigeni ndilo lililorekebishwa ili lipite katika njia yetu, wala hatukung'oa njia kwa ajili ya neno.

Basi walimu wenzangu, tusiseme kwamba fizikia haielezeki kwa Kiswahili. Makala haya yameeleza uzani, msuguano na umeme, na sidhani kwamba kuna msomaji aliyekwama njiani. Mwalimu wa hesabu awape wanafunzi kichwa cha tani 96 wakigawe kwa ekseli nne, sita na nane, kisha awaulize ni kipi kitakachofaa daraja lisilostahimili zaidi ya tani 13 kwa ekseli. Mwalimu wa fizikia awaulize kwa nini dereva hubeba mchanga. Walioko karibu na stesheni wawapeleke watoto wakahesabu magurudumu kwa macho yao. Somo hili halihitaji maabara wala mkopo.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na vilivyoundwa vikafaa, kuna mtu aliyepima kwanza. Msichana wangu yule aliuliza swali la mnunuzi: tumepunjwa au hatukupunjwa? Jibu langu limechelewa, naye amekwisha kuhitimu. Lakini natumaini kwamba popote alipo bado anauliza, na kwamba wanaoketi kununua kwa niaba yetu wamezungukwa na watu wa namna yake.